Mombasa haiishii ufuoni: Vuka maji, salimia, shika adabu

DESEMBA ikikaribia, stori za vijana wengi Nairobi, Nakuru na Eldoret huwa ni zile zile: “Tunashuka Coasto lini?” Tiketi za treni zinakatwa mapema, nyumba inatafutwa Nyali, kisha ratiba inapangwa. Ufuo, Fort Jesus, picha chini ya pembe za ndovu za Moi Avenue, klabu, halafu ufuo tena. Siku ya nne watu wanarudi na ngozi iliyoungua, wakisema wameiona Mombasa.

Sasa tupige hesabu kidogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Kati yao, ni 154,171 pekee waliokuwa Mvita, kaunti ndogo iliyo kisiwani. Waliobaki, karibu watu saba katika kila wanane, wanaishi ng’ambo: Likoni upande wa kusini, Kisauni na Nyali kaskazini, Changamwe na Jomvu magharibi.

Kwa hiyo yule dada anayekupokea hotelini, dereva wa tuktuk, kuli wa bandarini, DJ wa klabu na mama aliyekukaangia viazi, wote kuna uwezekano mkubwa wakimaliza kazi wanavuka maji kwenda kulala. Ukitaka kuishi Mombasa kama mwenyeji, hata kwa siku tatu tu, wafuate huko. Lakini ukienda, enda kama mgeni mwenye adabu. Mitaa hii ni nyumbani kwa watu, haikujengwa iwe mandhari ya video zako.

Salamu kwanza, swali baadaye

Kosa la kwanza la wageni wengi hufanyika kabla hawajaketi. Mtu anashuka kwenye matatu, anamwendea mzee aliyekaa barazani na kuuliza papo hapo, “Steji ya Kongowea iko wapi?” Mzee atajibu, lakini mara nyingi ataanza na “Hujambo?” Anasema kwa upole, ila ujumbe ni mzito: umeruka hatua.

Mpe mzee shikamoo yake, usubiri marahaba. Ukisikia “Asalaam aleikum”, jibu “Waaleikum salaam”. Si lazima uwe Mwislamu ndipo urudishe salamu. Kwa vijana wenzako “Mambo?” inatosha, na usishangae ukiulizwa “Wambaje?”, ambayo ni kukuuliza una habari gani. Mwanamume wa makamo mwite ami au mjomba, mwanamke mwite mama au bi. Ukifika mlangoni kwa mtu, piga hodi na ungoje karibu. Hodi ya tatu isipoitikiwa, rudi ulikotoka.

Kuna pia suala la kuomba. Kijana wa Nairobi akiketi kibandani husema, “Mathe, leta chapo mbili.” Kwao hiyo ni lugha ya kawaida na hana nia mbaya. Pwani maneno hayo yanasikika kama amri. Sema, “Mama, naomba chapati mbili,” uone vile sura inabadilika. Neno “naomba” halina gharama, na huenda likakuletea mchuzi wa nyongeza.

Halafu lugha yenyewe. Kiswahili cha wazawa wa Mombasa ni Kimvita, na kina sauti zake. Macho ni mato, njia ni ndia, cheka ni teka, na mtu akikuita anaweza kusema “Ndoo!” badala ya “Njoo!” Wageni wengine husikia hivyo wakadhani watu wanakosea, au huanza kuigiza lafudhi ili wachekeshe marafiki. Kimvita ndicho Muyaka bin Haji alichotungia mashairi yake karne ya 19. Mwaka wa 1928, mkutano uliofanyika papo hapo Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita kilikosa kura hiyo, lakini hakikuwa makosa wakati huo na si makosa leo. Sikiliza, uliza maana, ujifunze mawili matatu. Hiyo ni zawadi utakayorudi nayo bila kulipia mzigo.

Changamwe: usiipite ukisinzia

Tangu Madaraka Express ianze safari 2017, wageni wengi kutoka bara hushukia Miritini. Wanaokuja kwa ndege hutua Uwanja wa Moi, ambao pia uko upande huo huo. Maana yake ni kwamba sehemu ya kwanza ya Mombasa unayoikanyaga ni magharibi: Miritini, Magongo, Port Reitz, Changamwe. Na wengi hupita hapo macho yakiwa kwenye simu, wakisubiri “kufika Mombasa”.

Ukweli ni kwamba umeshafika. Wazee wa Waswahili wa Mombasa hujihesabu kwa mataifa kumi na mawili, Thenashara Taifa, yaliyogawika makundi mawili: Tisa Taifa na Tatu Taifa. Tatu Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Wajomvu nao wamo katika Tisa Taifa. Kwa hiyo jina unaloliona kwenye kibao cha matatu, kati ya malori ya makontena, ni jina la mojawapo ya jamii zilizoujenga mji huu.

Leo Changamwe ni mtaa wa kazi. Bandari iko jirani, na kiwanda cha kusafisha mafuta kilifanya kazi hapa kuanzia 1963 hadi 2013. Malori hayaishi. Ukitaka kujua chakula cha mji, kaa kibandani Magongo saa sita mchana pamoja na madereva na vibarua: wali wa nazi, maharagwe, samaki wa kukaanga, pilipili pembeni. Usiulize menyu. Uliza, “Leo kuna nini?”

Jambo la kuona ni ushirika wa wachongaji wa Kikamba, katika barabara ya kwenda uwanja wa ndege, ambao umekuwepo tangu miaka ya 1960. Simulizi ya kazi hiyo inaanzia kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akarudi na ujuzi wa kuchonga. Yule twiga wa mti unayemwona akiuzwa kwenye maduka ya watalii hapa ndipo anapozaliwa, katika vumbi la mbao, mikononi mwa watu walioketi chini ya vibanda na tezo zao.

Ukinunua hapo, pesa inakwenda karibu na mkono uliochonga. Punguziwa bei, hilo ni halali, biashara ni maelewano. Lakini usitaje bei ya dharau kisha ucheke. Mtu ametumia siku nzima kwenye kile kipande, nawe unataka kumlipa pesa ya soda mbili.

Likoni: feri si tamasha

Feri ya Likoni imeshakuwa nyota wa mitandaoni. Kila msimu utaona video: umati unamiminika, muziki juu, maneno “Mombasa raha” yakielea kwenye skrini. Kwa mgeni ni burudani. Kwa wakazi ni barabara ya kwenda kazini, na watu zaidi ya 300,000 hutajwa kuwa wanavuka hapo kwa siku. Anayetembea kwa miguu halipi kitu.

Kabla hujasimama katikati ya njia kupiga selfi, jua historia. Asubuhi ya Aprili 29, 1994, feri ya MV Mtongwe ilipinduka karibu na ufuo wa Mtongwe, na watu 272 wakafa. Wengi walikuwa wanakwenda kazini na kwenye shughuli zao za kila siku. Septemba 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri likiwa na mama na bintiye, na ikachukua karibu wiki mbili kuwaopoa. Nchi nzima ilifuatilia. Watu wa Likoni hawakuwa wanafuatilia habari tu. Walikuwa wanavuka juu ya maji yale yale kila asubuhi, huku wapiga mbizi wakitafuta.

Ndiyo maana utaona mama akishika mkono wa mtoto kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Ndiyo maana wazee hunyamaza feri ikiondoka. Basi adabu ya feri ni rahisi: usikimbie kwenye mteremko, usisukume, mpishe mwenye mkokoteni na mwenye mgonjwa, sikiliza wanaoelekeza watu, na kamera iache mfukoni. Bandari, feri na kambi ya jeshi la wanamaji pale Mtongwe ni maeneo ya usalama, na askari akikuuliza unapiga picha za nini, “content” si jibu.

Chagua muda pia. Alfajiri na jioni ni saa za wafanyakazi. Kama huna haraka, vuka saa nne asubuhi. Utapata nafasi ya kusimama ukingoni, upepo ukikupiga, ukiangalia meli kubwa ikikata njia na feri ikiisubiri.

Upande wa pili, usikimbilie matatu ya Diani mara moja. Tembea Likoni. Kuna viazi karai vya moto vyenye chatne ya ukwaju, mihogo ya kukaanga, mabuyu mekundu na maembe mabichi ya pilipili. Kina mama karanga, wale wanaonunua samaki kwa wavuvi na kuwakaanga barabarani, huanza kazi yao alasiri. Chagua samaki wako, lipa, kaa kwenye benchi ule na wenzako. Shelly Beach iko karibu, na huhitaji kupitia hotelini ndipo uguse maji.

Na ndiyo, kuna sehemu ya Likoni inayoitwa Shika Adabu. Ni wadi kabisa, ina mwakilishi wake katika bunge la kaunti. Wageni hucheka wakisoma jina hilo kwenye matatu. Cheka, halafu ulifuate.

Kisauni: zaidi ya habari mbaya

Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba unalala Kisauni, atakuuliza kama uko salama. Ni kweli, kumekuwa na visa vya magenge ya vijana wenye mapanga, na vimeripotiwa mara nyingi. Hakuna haja ya kuficha. Lakini jiulize nani hukatwa mapanga hayo: ni muuza duka anayefunga saa tatu usiku, msichana anayetoka zamu, boda boda. Wakazi ndio waathiriwa wa kwanza, na vijana wengi wa huko hubeba aibu ya jina hilo hata wakitafuta kazi. Wakitaja wanakotoka, mwajiri anakunja uso.

Kwa hiyo usiende Kisauni kutafuta “ghetto” ya kuposti, na usimwulize kijana uliyekutana naye dakika tano zilizopita kama anajua genge lolote. Muulize mwenyeji wako njia gani ni nzuri usiku na ipi si nzuri, ufuate atakavyosema. Hivyo ndivyo wenyeji wenyewe wanavyoishi.

Nenda mchana uone ukubwa wake. Daraja la Nyali la sasa lilijengwa 1980. Kabla yake, tangu 1931, watu walivuka kwa daraja lililoelea juu ya maji. Ukishavuka, unakaribia Kengeleni. Wengi hutumia jina hilo kama steji tu, lakini kengele ipo kweli, imetundikwa kwenye mnara mdogo kando ya barabara. Hapo ndipo Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari wa CMS miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Baadhi yao walikuwa wamelelewa India na waliitwa Waafrika wa Bombay. Kengele ilipigwa kuwatahadharisha wakazi hatari ilipokaribia. Wajukuu wa wajukuu wao bado wapo. Mahali hapo, simama dakika mbili kabla hujasema “steji ya Kengeleni, shukisha!”

Mbele kidogo ni Kongowea, miongoni mwa masoko makubwa zaidi ya Pwani. Mananasi, nazi, samaki, mitumba, kelele, mikokoteni. Ukisikia “Njia! Njia!” hama mara moja, mwenye mzigo hana breki. Usiminye maembe kumi ili ununue moja. Ukiendelea kaskazini utapita Bombolulu, ambako tangu 1969 watu wanaoishi na ulemavu wamekuwa wakitengeneza mapambo na bidhaa za mikono.

Jumapili, wafuate wenyeji hadi ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao kila mtu anauita Pirates. Hapo hakuna kiti cha kukodi cha dola. Familia nzima inakuja na sufuria ya pilau, watoto wanaelea kwenye matairi, wasichana wanaogelea na nguo zao zote, na hakuna anayemshangaa mwenzake. Beba taka zako ukiondoka.

Kamera, nguo na mwezi mtukufu

Kuna sheria chache zisizoandikwa, na zinafanya kazi mitaa yote mitatu.

Picha: omba kwanza. Mwanamke aliyevaa buibui si sehemu ya mandhari, na watoto wanaotoka madrasa wana wazazi. Akikataa, sema asante uendelee. Usimpige kwa siri ukiwa ndani ya tuktuk.

Nguo: ufuoni vaa ya ufuoni. Ukitoka ufuoni kuingia mtaani, dukani au kwenye matatu, jifunge leso au vaa shati. Hii inawahusu wanaume pia. Kifua wazi sokoni Kongowea hakimpendezi mtu, hata kama umekaa gym mwaka mzima. Leso, kwa njia, ni zawadi nzuri ya kununua, lakini soma jina lililoandikwa kabla hujampa mtu. Leso husema, na nyingine husema mafumbo ambayo hungetaka mama mkwe ayasome.

Ijumaa: mchana, wakati wa swala, maduka mengi hufungwa kwa muda na barabara karibu na misikiti hujaa. Panga shughuli zako kabla au baada.

Ramadhani: hakuna anayekulazimisha ufunge, lakini usitembee mtaani ukila na kunywa mchana. Jua likizama, ndio wakati. Ukialikwa kufuturu, nenda, na usiende mikono mitupu. Tende au matunda yanatosha. Utakuta uji, kaimati, viazi, mihogo ya nazi, na watu wanaokuuliza mara tatu kama umeshiba. Jibu la mara ya kwanza halihesabiwi.

Jirani wa ukuta mmoja

Jambo la mwisho linawaumiza wakazi zaidi ya yote hayo, nalo ni nyumba za kukodi kwa siku. Zamani mgeni alilala hotelini, mbali na watu. Leo vijana sita wanachanga, wanakodi nyumba kwenye jengo la kawaida Nyali, Bamburi au Shanzu, spika inawekwa kwenye roshani na usiku haulaliki. Ukuta wa pili kuna muuguzi anayeamka saa kumi alfajiri, au mwanafunzi wa kidato cha nne. Wewe utaondoka Jumatatu. Yeye atabaki, na wikendi ijayo watakuja wengine sita.

Hapo ndipo neno “mgeni” linapopimwa. Msalimie bawabu kwa jina. Wajulishe majirani mpo siku ngapi. Saa nne usiku punguzeni muziki, na mkitaka kelele, klabu zipo. Kiamsha kinywa msiagize kwa programu ya simu. Shukeni chini mtafute mama wa mahamri na mbaazi za nazi, maana kila mtaa una wake. Mchana nunueni dafu kwa kijana wa mkokoteni. Jioni kaeni kwenye baraza la mzee wa kahawa tungu, mnywe kikombe kidogo na kashata, msikilize mabishano ya mpira na siasa. Kaeni dakika ishirini bila simu.

Na kama kuna kitu kimoja cha kuacha nyumbani, ni ule mzaha kwamba Wapwani ni wavivu. Simama Likoni saa kumi na moja alfajiri, giza bado halijatoka, uone umati ulioshuka Timbwani, Mtongwe na Shika Adabu ukingoja feri. Wanakwenda kutandika kitanda utakachoamka saa nne. Ukikutana na mmoja wao baadaye, msalimie, mwulize amevukaje leo. Ni swali ambalo wageni hawaulizi, na atakuwa na jibu refu.